Umemwona Wapi?

Mpira tuliubishania zaidi pale ulipokuwa hauchezwi. Ligi ikishaisha na kabla timu hazijaingia kambini, kulikuwa na wiki kadhaa ambazo Simba na Yanga zilikuwa midomoni tu, na wiki hizo ndizo zilizonoga. Nani anaachwa, nani anabaki, nani ameonekana usiku akiingia nyumbani kwa tajiri fulani wa Ilala akatoka na bahasha. Sisi wa Magomeni Mapipa tulikuwa na mabenchi ya mbao, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, sahani ya kashata, na maneno ya kutufikisha saa nne za usiku.

Kijiwe kilikuwa cha Simba kwa wingi wa watu, ila mwenye birika alikuwa Yanga wa kutupwa. Alitumiminia kahawa huku akitusimanga, akachukua hela yetu, akaendelea kutusimanga, na hakuna aliyehamia kwingine. Bila yule mzee tungekuwa tunakubaliana tu, na watu wa timu moja wakishakubaliana huishia kuzungumzia bei ya mchele.

Habari zilikuwa haba. Kulikuwa na taarifa ya michezo ya Radio Tanzania, kulikuwa na Uhuru, Mzalendo na Mfanyakazi, na baadaye yakaja magazeti kama Dimba yaliyoishi kwa mpira. Wengi wetu hatukuyanunua. Muuza magazeti aliyatandaza chini, akayawekea vijiwe yasipeperuke, nasi tukasimama mikono nyuma tukisoma vichwa vya habari mpaka atufukuze. Kichwa kimoja kuhusu kifaa kipya kutoka Mwanza kilitutosha wiki nzima, kwa sababu yaliyomo ndani tulijijazia wenyewe.

Hapo ndipo lilipokuja swali ambalo pale kwetu lilikuwa na nguvu ya sheria: umemwona wapi? Ukitaka kusema kwamba winga fulani wa Pamba, au wa Coastal Union, au wa Majimaji ya Songea anatufaa, ilikupasa utaje uwanja na mechi. Dereva wa lori aliyekuwa akipeleka mizigo Mbeya na kushuhudia Tukuyu Stars kwao, mwaka ule wa 1986 walipowaacha wakubwa wakishangaa na kubeba ubingwa, huyo alipata heshima ambayo kijana mwenye mdomo hakuipata. Alisogezewa benchi, akapewa kikombe cha bure, kisha akahojiwa kama shahidi. Anatumia mguu gani? Akichezewa rafu anaamka na kuendelea, au anatafuta wa kupigana naye? Mpira wa juu anaucheza au anainamisha kichwa? Asiyejua alisema hajui. Aliyedanganya alikamatwa kwenye swali la tatu, na jina la utani alilopewa siku hiyo lilimfuata mpaka harusini kwake.

Namkumbuka zaidi fundi cherehani mmoja, mwanachama mwenye kadi, aliyekuwa na tabia ya kupanga vikombe vya kahawa juu ya benchi kuonyesha namba. Namba tatu huku, namba sita katikati, namba kumi mbele kidogo. Jioni moja alikuwa akithibitisha kwamba kumwacha namba sita wetu ni kujinyonga. "Tazameni, huyu akitoka hapa, nani anafunika? Hawa wawili wanabaki uchi." Mzee wa kahawa akanyoosha mkono, akakichukua kile kikombe cha katikati, akakisuuza na kumpa mteja aliyekuwa akisubiri. "Namba sita wako nishamuuza, fundi. Zungumza na hao waliobaki." Tulicheka mpaka watu wa kituo cha daladala wakageuka. Fundi hakucheka. Alibaki akiliangalia lile pengo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Si mnaona sasa?"

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo wakati ule hatukulipa thamani. Wachezaji wenyewe walikuwa wakipita pale. Wengi waliishi Kariakoo, Ilala, Temeke, hapo hapo Magomeni, wengine wakiwa na kazi kwenye mashirika ya umma, na mazoezini walikwenda kwa miguu au kwa basi kama sisi. Tungekuwa katikati ya hukumu, beki ameshakatwa jina na kuzikwa, mara huyo anatokea na begi begani. "Shikamooni wazee wangu." "Marahaba, baba. Vipi goti?" Na aliyekuwa ameshupalia panga limpitie ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsogezea kikombe. Mtu wa nje angeona ni unafiki mtupu. Sehemu yake ilikuwa unafiki, sikatai. Lakini ukishajua kwamba goti ndilo lililomfanya achelewe kugeuka kwenye ile mechi, na kwamba mama yake ndiye muuza vitumbua wa kichochoro cha nyuma, hukumu inabadilika maneno. Tulikuwa tunasema "apumzishwe". Neno garasa tuliwatunzia wa upande wa pili.

Ila nisiipambe mno enzi ile, maana waliocheza ndani yake wakinisoma watanishangaa. Usajili wa siku hizo ulikuwa na vurugu ambazo kijana wa leo akisimuliwa anadhani ni filamu. Mchezaji mmoja alisaini fomu ya Simba pale Msimbazi asubuhi na ya Yanga pale Jangwani jioni, fomu zote mbili zikafika FAT, chama cha soka cha wakati ule, na kamati ikakaa kuamua mtu ni wa nani. Kuna waliofichwa kwenye majumba ya wanachama mpaka tarehe ya mwisho ipite, wakilindwa usiku na mchana kama bibi harusi anayeogopewa kutoroshwa. Sisi vijiweni tulishangilia utekaji huo, tukauita ujanja wa viongozi, na hakuna aliyeuliza kijana mwenyewe anataka kucheza wapi. Hela ilikuwa ndogo na ya mkononi. Wapo walioimbwa na nusu ya nchi wakamaliza mpira bila kiwanja wala kibanda.

Kuhama pia kulikuwepo. Zamoyoni Mogella, ambaye kwa Simba ya miaka ya 80 alikuwa zaidi ya mshambuliaji, baadaye alivaa njano na kijani, na pale kwetu wapo waliokaa msimu mzima bila kulitamka jina lake. Walisema "yule". Lakini waliomnunia walimnunia kwa sababu walikuwa naye miaka na miaka, na yule unayemnunia kwa staili hiyo ni mtu uliyemzoea.

Watu wa Yanga nao walikuwa na hoja moja tusiyoweza kuijibu: Nonda Shabani. Alipita Jangwani katikati ya miaka ya 90 akiwa kijana mdogo, akaenda Afrika Kusini, kisha Uswisi, kisha Ufaransa. Mwaka 2004 Monaco ilipokutana na Porto kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Nonda aliingia kipindi cha pili akitokea benchi. Monaco walifungwa 3-0, lakini kwa mzee wa kahawa matokeo hayo yalikuwa jambo dogo sana. Alikuwa ametoka nyumbani usiku ule kwenda kukaa kwenye baa, yeye asiyeonja bia, akiwa na soda moja iliyopoa mbele yake. Mtu akamchokoza: "Huyo umemwona wapi, mzee?" Akajibu bila kuondoa macho kwenye televisheni: "Taifa. Kwa macho haya."

Sijui ni mwaka gani hasa swali lile lilianza kufa. Nikilazimishwa kutaja, nitasema 2012.

Tarehe 6 Mei mwaka huo Simba iliifunga Yanga 5-0. Emmanuel Okwi alifunga mawili, na mmoja wa wafungaji wengine alikuwa Patrick Mafisango, ambaye siku 11 baadaye alifariki kwa ajali ya gari hapa hapa Dar es Salaam. Usajili wa msimu uliofuata ulianza watu wakiwa bado na kilio, na kwa mara ya kwanza niliona kijiwe kikishindwa kujadili nani achukue nafasi ya mtu. Yanga waliopigwa tano hawakuwa na sababu ya kukaa kimya. Wakamchukua Kelvin Yondani kutoka kwetu. Mbuyu Twite, beki wa APR ya Rwanda ambaye Simba tulishamhesabu kuwa wetu, akatua Jangwani. Msimu ulipoisha ubingwa ulikuwa wao.

Katikati ya msimu huo, Januari 2013, Okwi akauzwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Kwa sisi tuliozoea bahasha, hiyo ilikuwa hesabu ya kutia kizunguzungu. Kijiwe kikazitumia zile dola kabla hazijafika: mmoja alijenga uwanja, mwingine akanunua basi, fundi cherehani akataka washambuliaji wawili wa Afrika Magharibi na chenji ibaki benki. Hazikufika. Kesi ikaenda FIFA. Okwi akatofautiana na Watunisia, akarudi Uganda kuichezea SC Villa, na Desemba 2013 akaibuka akiwa mchezaji wa Yanga, nasi hela yake tukiwa bado tunaidai.

Sitasahau mabishano ya miezi ile, kwa sababu hayakuwa ya mpira tena. Hakuna aliyezungumzia mguu wake wa kushoto wala ile mbio yake ya kutokea pembeni. Tulizungumzia mikataba. Tangu 2010 uhamisho wa kimataifa ulikuwa lazima upitie kwenye mfumo wa kompyuta wa FIFA, ule wa TMS, na watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta wakaanza kutupigia somo la TMS na la ITC, kile kibali cha uhamisho. Fundi viatu wa kona ya pili aliinua nyundo kama hakimu na kusema kwamba kibali kikishatoka, kimetoka. Agosti 2014 Okwi akarudi Simba. Machi 2015 akaifunga Yanga bao pekee la mechi kwa shuti la mbali lililomwacha kipa njiani, na waliokuwa wamemwita msaliti wakapasua koo. Mzee wa kahawa aliuliza jambo moja tu: kwa hiyo sasa yule ni wenu au ni wa kompyuta?

Wakati huo huo tulikuwa tunamtema Amissi Tambwe. Huyu Mrundi alikuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2013/14, mabao 19. Kwa kanuni za zamani za kijiwe asingepata hata mtu wa kumjadili. Mtu amefunga 19, unamjadili nini? Lakini hoja zilikuwa zimeanza kutoka kwingine. Hakimbii. Anasubiri mipira ya kuletewa. Hana mvuto. Dirisha dogo la Desemba 2014 akaachwa, na Yanga wakamwokota akiwa bado na joto la jezi nyekundu. Msimu wa 2015/16 alifunga mabao 21, akawa mfungaji bora tena, na katika mechi zote mbili za watani za msimu huo, zote zikiisha 2-0, jina lake lilikuwemo. Fundi cherehani hakusema kitu. Aliweka kikombe kimoja katikati ya benchi, pale anapokaa namba tisa, akakiacha hapo mpaka tukaondoka.

Kijiwe chenyewe kilivunjwa barabara ilipopanuliwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi. Wengine wamekufa, wengine wamehamia Mbagala na Kibaha, na waliobaki tumewekwa kwenye kundi la WhatsApp na kijana wa fundi cherehani. Mabishano yapo, tena saa 24. Mtu anarekodi sauti yake dakika nne akiwa ndani ya daladala, kondakta akisikika nyuma akiita abiria, na akimaliza wengine wanajibu kwa vikaragosi vya kucheka bila kumsikiliza. Mzee wa kahawa alifariki kabla ya simu hizi kuenea, na sidhani kama angeziweza. Yeye utani wake ulihitaji kukuangalia usoni.

Mpwa wangu ndiye anayenipasha habari za usajili. Julai moja alikuja mbio na simu. "Mjomba, shikamoo. Cheki huyu. Huyu tukimpata, ligi imeisha."

"Marahaba. Umemwona wapi?"

"Si ndiyo nakuonyesha?"

Nikaangalia. Dakika tatu, muziki wa kugonga, jezi tofauti tofauti, viwanja nisivyovijua. Kila mpira ulioingia mguuni kwake uliishia wavuni au mtu alilambwa chenga akaanguka. Nikamuuliza mbona haonekani akipoteza mpira hata mara moja.

"Akipoteza hawaweki, mjomba."

Alilisema kama jambo la kawaida, na kwake ni la kawaida. Yeye na wenzake wanajua thamani ya mchezaji mtandaoni, wanajua wakala wake ni nani na mkataba unaisha lini, na wanakesha hadi saa sita usiku kusubiri klabu ipandishe picha yenye kivuli cha mtu bila uso. Hukumu wanaitoa hapo hapo, chini ya picha. Na mwisho wa msimu zinakuja zile picha za thenkyu, moja baada ya nyingine, mchezaji anaagwa kwa mistari miwili, na watu wanahesabu bado nani. Nimewahi kusoma maneno yaliyoandikwa chini ya picha ya kijana mmoja aliyeachwa. Aliyeandika hakuwa na hofu ya kumwona akitokea kwenye kona na begi begani. Wachezaji wa sasa wanaishi nyuma ya mageti na vioo vya giza, na kwa jinsi wanavyoandikwa siwalaumu.

Haki lazima isemwe: timu ni bora kuliko zile tulizozililia. Simba ilichukua ubingwa mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18, na Yanga ikajibu kwa mara nne mfululizo. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, ikaifunga USM Alger kwao Algeria 1-0 na bado ikakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Simba ikafika fainali hiyo hiyo mwaka 2025 na kuangushwa na RS Berkane. Kabla ya hapo kubwa letu lilikuwa fainali ya Kombe la CAF ya 1993, tuliyopoteza mbele ya Stella Abidjan nyumbani kwetu baada ya kutoka sare kwao, na hadithi yake tuliisimulia miaka 30 kwa kukosa nyingine. Fiston Mayele na Aziz Ki wa Yanga hawakuletwa na dereva wa lori aliyepita Mbeya. Waliletwa na watu wenye hela, video na ndege, na walicheza mpira ambao fundi cherehani angeupangia vikombe mpaka alfajiri.

Kinachonitatiza ni kwamba hatupewi muda wa kuwajua. Wageni wanaruhusiwa 12, wazawa wanagombania nafasi zilizobaki, na nusu ya kikosi inabadilika kila Julai. Nimejaribu kukaa na mpwa wangu tukitaja kikosi cha Simba cha misimu mitatu nyuma. Mimi cha 1993 nakitaja kuanzia kwa kipa Mohamed Mwameja bila kushika kichwa. Yeye alikwama kwa mabeki, akafungua simu.

Kuna mmoja tu wa siku hizi aliyetuchukulia moyo kama wa zamani, naye ni Clatous Chama. Alikuja kutoka Zambia mwaka 2018, akatupa misimu ya raha, akaenda Berkane ya Morocco mwaka 2021, na miezi michache baadaye tukampokea tena. Julai 2024 Yanga wakamtangaza kuwa wao. Kundi letu la WhatsApp lilizizima, kisha likalipuka. Waliokuwa wamemweka kwenye picha zao walimfuta. Mmoja akadai alijua tangu Machi. Kijana wa fundi akaandika kwamba ameshachoka miguu, wakamchukue. Mimi nikangoja nione kama kuna atakayemwita "yule", hakuna aliyefanya hivyo. Tulijipanga kwa ugomvi wa miaka.

Akacheza msimu mmoja, Yanga wakabeba ubingwa, na msimu ulipokwisha akaondoka kwenda Singida Black Stars. Ugomvi ulikuwa haujafika hata nusu. Siku ya pili yake mtu akauliza kwenye kundi kama mkataba wake wa huko una kipengele cha kumrudisha Msimbazi, na watu wakaanza kubishana kuhusu kipengele.